Mguu wa Mashine na Kimo cha Mashua

Mkulima wa chai wa Kericho au Bomet hupogoa michai yake ili kimo chake kilingane na mkono wa mchumaji. Mashine ya kusukumia mashua nayo yataka kulingana na chombo chake. Mito ya Kipsonoi na Yurith, ipitayo katika nchi hiyo ya chai, huungana ikawa mto Sondu, ambao humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Basi mtu wa milimani atakaye kuweka chombo huko ziwani, yampasa ajue kipimo kabla ya kutoa fedha yake.

Mashine hizi huwa na miguu ya namna tatu hasa: mfupi, inchi 15, mrefu, inchi 20, na mrefu zaidi, inchi 25. Kwa mashua ya kawaida, pima ubao wa nyuma, tangu ukingo wa juu inapokaa mashine mpaka chini kabisa ya chombo. Kisha pima mashine, tangu pale inapokalia ubao mpaka kwenye bamba pana lililo juu ya rafadha. Vipimo hivi viwili vikaribiane, bamba liwe sawa na chini ya mashua au lishuke kidogo tu.

Mguu ukiwa mfupi, rafadha huvuta hewa badala ya maji. Mashine hulia sana, na chombo hakiendi. Tena tundu livutalo maji ya kupozea hutoka nje mawimbi yanapopiga, na mashine huungua. Katikati ya ziwa, upepo ukivuma, hiyo ni hatari ya roho. Mguu ukizidi urefu, chombo huwa kizito, mafuta huliwa bure, na rafadha hupiga mawe karibu na pwani.

Pantoni ndogo, yaani sakafu iliyowekwa juu ya maboya mawili, nyingi huhitaji mguu wa inchi 20. Zenye ubao wa juu zaidi huhitaji inchi 25. Nayo ijaribiwe karibu na pwani, watu wakisimama mbele, kwa kuwa hapo sehemu ya nyuma huinuka. Rafadha ikivuta hewa, mguu huo haufai.

Kupima ni kazi ya dakika chache. Tahadhari kabla ya hatari.