Kanuni Ilisema Nyumba, Haikusema Mtu



 Chukua Biblia yako, fungua Yak 2:1-9 na 1 Kor 11:17-34. Soma taratibu kabla hujaendelea, maana tutayarudia hayo maandiko.

Nyumba ya bwana mkubwa

Kama unapenda muvi za Uingereza ya zamani, zile za majumba makubwa, mabwana mezani na watumishi jikoni, huenda umeiona The Remains of the Day. Ilitoka mwaka 1993, ikiongozwa na James Ivory, kutokana na riwaya ya Kazuo Ishiguro ya mwaka 1989. Anthony Hopkins anaigiza kama Stevens, mkuu wa watumishi katika nyumba ya Lord Darlington miaka ya 1930.

Kuna matukio mawili ya kuyaangalia kwa makini. La kwanza: mgeni mmoja anamuuliza Stevens maswali magumu ya uchumi na siasa mbele ya mabwana wengine. Stevens anajibu kwa heshima kwamba hawezi kusaidia. Mgeni anaridhika: kwake huo ni ushahidi kwamba mtu wa kawaida hafai kuulizwa mambo ya nchi. La pili: bwana anaagiza wasichana wawili wafukuzwe kazi kwa sababu ni Wayahudi. Stevens anatekeleza. Mwenzake, Miss Kenton, anapinga na kusema ataacha kazi, lakini anabaki, maana anaogopa, hana pa kwenda.

Umeona? Hakuna aliyepiga mtu. Hakuna hata aliyepaza sauti. Dhambi imepita katikati ya chumba ikiwa imevaa suti.

Na kwetu je?

Usiseme hayo ni mambo ya Wazungu huko kwao. Shuka Posta, anzia Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lile linalotazama bandari, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1897. Panda hadi sanamu ya Askari, pita mitaa ya Kisutu, vuka Mnazi Mmoja, ingia Kariakoo. Ni mwendo wa miguu tu, wala huhitaji mwendokasi. Lakini umevuka kanda tatu za mji wa kikoloni: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini.

Wajerumani walitoa kanuni za ujenzi wa mji huu mwaka 1891. Waingereza walipochukua nchi, wakaendeleza mtindo wa kanda tatu. Sasa sikiliza vizuri: kanuni hizo zilizungumzia aina za nyumba. Kanda hii ni ya majengo ya Kizungu, ile ya majengo ya biashara na makazi, na ile nyingine ndiyo inayoruhusu nyumba za kienyeji. Ukiisoma juu juu unaona ni mambo ya usafi na mpangilio wa mji tu. Lakini Mwafrika wa kawaida angepata wapi fedha za kujenga nyumba ya Kizungu? Kanuni ilisema nyumba, haikusema mtu, na bado kila mtu alijua anakotakiwa kulala. Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati, uwanja wa kutenganisha. Mwafrika aliruhusiwa kulala Uzunguni kama mpishi, boi au yaya, kwenye kibanda cha uani.

Jina Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi kilichopiga kambi pale baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Mwaka 1927 sanamu ya Askari ikasimamishwa katikati ya mji kuwakumbuka Waafrika waliotumika vitani, askari pamoja na wapagazi. Yaani Mwafrika wa shaba alipewa nafasi ya heshima Posta. Mwafrika wa nyama na damu akaambiwa arudi ng'ambo ya Mnazi Mmoja.

Hata hivyo, ni huko huko Kariakoo, mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Rais wake alikuwa mwalimu Mkatoliki wa shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu: Julius Nyerere. Mwaka uliofuata akatakiwa achague, siasa au ualimu. Akaacha mshahara. Mweke kando ya Stevens, halafu tafakari.

Maandiko yanatuambia nini?

Mtakatifu Yakobo anaeleza watu wawili wanaoingia kwenye kusanyiko: mmoja ana pete ya dhahabu, mwingine nguo chafu. Wa kwanza anakaribishwa kiti kizuri, wa pili anaambiwa asimame au akae chini. Angalia: maskini hajafukuzwa. Ameonyeshwa tu mahali pake. Yakobo anaiita hiyo dhambi.

Huko Korintho walikuwa wameenda mbali zaidi. Kwenye Meza ya Bwana, wenye nacho walitangulia kula wakashiba, wasio nacho wakabaki na njaa na aibu. Paulo hafuti ile karamu. Anawaambia wangojane. Ndiyo maana Katekisimu, namba 1397, inafundisha kwamba Ekaristi inatudai tuwajali maskini.

Tuje kwenye kikundi chetu

Tunapanga hija. Kamati inatangaza: fulana ni lazima, asiye na fulana hapandi basi. Hatujasema maskini asije. Tumesema fulana. Lakini yule binti anayeuza maji stendi, yule kijana anayebeba mizigo Kariakoo, amekwisha kuelewa anatakiwa kulala wapi. Jumapili ijayo hamumwoni, mnasema amepoa kiimani.

Utasema, "Lakini sare inapendeza, inaleta umoja." Kweli, sare si dhambi. Swali ni hili: kanuni yetu inamwacha nani nje, na tumemngoja? Wenye uwezo wanaweza kuchangia fulana za wenzao kimya kimya, bila kutaja majina. Au hija ikafanyika bila fulana, na Mungu akasikia vilevile.

Na nyumbani: dada wa kazi anakula saa ngapi, na wapi? Anapata Jumapili ya kwenda Misa? Mlinzi wa getini unamjua jina?

Maswali ya kutafakari

1. Katika kikundi chenu kuna utaratibu gani wa adabu unaomfanya mtu fulani abaki nje?
2. Ni lini uliona jambo baya likifanyika kwa upole, ukanyamaza kama Stevens? Uliogopa kupoteza nini?
3. Wiki hii utamngoja nani?

Tusali

Ee Yesu, uliyezaliwa zizini na kukaa meza moja na waliodharauliwa, tuondolee woga unaotufanya tunyamaze. Utufundishe kungojana, ili tusije tukakupokea Altareni huku tumekuacha getini. Amina.