Mbwa Akiumia Mgongo Ghafla: Hatua 7 za Kumuuguza

Vijijini Singida, kuanzia Iramba hadi Manyoni, mbwa ana kazi: mchana yuko machungani, usiku analinda zizi. Kisha siku moja unamkuta amejikunja, analia akiguswa, au anaburuza miguu ya nyuma. Huenda amepigwa teke na ng'ombe au amegongwa na bodaboda. Huenda pia diski iliyo kati ya pingili za uti wa mgongo imetoka mahali pake na kubana mishipa ya fahamu. Wengi wa mbwa hawa hupona wakiuguzwa vizuri.

1. Fikiria kichaa cha mbwa kwanza.
Kupooza ni dalili mojawapo ya ugonjwa huo. Ikiwa mate yanamtiririka, taya limelegea, sauti imebadilika au tabia imegeuka ghafla, usimguse. Mtenge, kisha mwite afisa mifugo wa kata. Aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate ya mbwa huyo kwenye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kupata chanjo.

2. Mbebe akiwa amenyooka.
Hata mbwa mpole huuma akiwa na maumivu. Mfunge mdomo kwa kipande cha kanga, isipokuwa anatapika au anahema kwa shida. Mtelezeshe juu ya ubao, mfunike shuka, mfunge asijigeuze. Usimnyanyue kwa makwapa wala kwa miguu.

3. Pima hisia za miguu.
Bana kidole cha mguu wa nyuma. Akigeuka kukutazama, akilia au akitaka kuuma, anahisi. Akivuta mguu tu bila kujali, usidhani amehisi, kwani mguu unaweza kujivuta wenyewe. Asiyehisi kabisa anahitaji daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Pengine atahitaji upasuaji, na kila saa inayopita inapunguza matumaini. Muulize daktari kuhusu rufaa, kwa mfano hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

4. Usimpe dawa za binadamu.
Diklofenaki na ibuprofeni huweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Panado huweza kuharibu ini na damu yake. Kama umeshampa, mwambie daktari ukweli, maana baadhi ya sindano zikichanganyika na dawa hizo huleta madhara makubwa.

5. Mfungie wiki 4 hadi 6.
Hii ndiyo hatua inayoponya, na ndiyo inayovunjwa zaidi. Tenga kibanda kinachomtosha kusimama, kugeuka na kulala, chenye kivuli na kinga ya upepo. Kamba ya shingoni haitoshi, kwa sababu ataruka na kujivuta. Atoke kwenda haja tu, akiwa ameshikwa. Dawa ya daktari ikimtuliza siku ya tatu atataka kuwafuata ng'ombe, nawe utadhani amepona. Maumivu yameondoka, lakini jeraha bado bichi. Akikimbia sasa, diski inaweza kutoka tena na kumpooza moja kwa moja.

6. Tunza ngozi na mkojo.
Mlaze juu ya gunia lililojazwa nyasi kavu. Asiyeweza kujigeuza mgeuze kila baada ya saa 4, umkaushe na umkague vidonda na mabuu ya nzi. Akipitisha saa 12 bila kukojoa, mpeleke kwa daktari. Mkojo unaodondoka kidogo kidogo nao huweza kumaanisha kibofu kimejaa; daktari akufundishe kukikamua.

7. Mrudishe kazini taratibu.
Daktari akiruhusu, pitisha kanga chini ya tumbo lake umsaidie kutembea dakika 5, mara mbili au tatu kwa siku. Ongeza dakika chache kila wiki. Aanze kwa kulinda nyumbani. Machungani awe wa mwisho kurudi. Usimlishe kupita kiasi anapopumzika, kwani unene huulemea mgongo.

Tafadhali, waambie watoto na wachungaji wote wa nyumbani kwako tarehe atakayofunguliwa, na asiwepo wa kumfungulia kabla ya siku hiyo. Amelinda mifugo yako masika na kiangazi; mpe wiki zake za kutulia.