SOMO LA MIGUU: Jinsi ya kuchagua viatu vya heshima wakati miguu ina matatizo



Somo letu safari hii linahusu jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo si dogo hata kidogo. Mchuma chai hushinda ndani ya gambuti siku sita kwa juma. Mwenzake wa kiwandani husimama juu ya saruji zamu nzima. Ikifika siku ya ibada, harusi, mazishi, au siku ya kwenda mbele ya ofisa wa kazi kutetea shauri, huvitoa chini ya kitanda viatu vyake vya ngozi, na baada ya nusu saa hawezi kusimama. Tumeona wajumbe wakivua viatu chini ya meza ya mazungumzo. Tunawajua pia wanachama ambao hukosa mkutano kwa sababu wanaona haya kuja na kandambili. Mtu asiyeweza kuvaa kiatu hukosa nafasi ya kusema neno lake. Kwa hiyo tulisome jambo hili kwa makini.

1. Mguu wako una tatizo gani?

Kuanzia kifundo hadi vidoleni, kila mguu una mifupa 26. Kazi ya kusimama, kubeba na kupanda milima huibana na kuitanua mifupa hiyo miaka kwa miaka. Matatizo tunayoyaona zaidi ni haya:

(a) Sugu, yaani ngozi ngumu juu ya vidole au chini ya unyayo. Sugu huletwa na msuguano na mgandamizo. Ukiiondoa bila kubadili kiatu, itarudi.

(b) Kifundo cha kidole gumba kutokeza kando, na gumba lenyewe kulalia vidole vingine. Kiatu chenye ncha nyembamba huzidisha ubaya huo.

(c) Maumivu ya kisigino, hasa katika hatua za kwanza asubuhi. Mguu huu unataka soli nene inayoshikilia unyayo. Soli nyembamba huuumiza.

(d) Nyayo bapa, na miguu inayovimba jioni.

(e) Ganzi. Hili ndilo la hatari kuliko yote.

2. Kwa nini ganzi ni hatari?

Mwenye sugu huumia, na kwa kuwa huumia hukivua kiatu. Mwenye ganzi haumii, kwa hiyo huendelea kutembea na jeraha mpaka linaoza. Ganzi huletwa na ugonjwa wa kisukari, na pia ukoma. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore huko India kuanzia mwaka 1946, alionyesha kwamba vidonda vingi vya nyayo za wenye ukoma vilitokana na kukanyaga na kugandamizwa pale ambapo mguu hausikii maumivu. Ndiyo sababu matibabu yao yalikwenda pamoja na viatu vyenye soli laini ya sponji.

Basi mwenye kisukari au ganzi asiseme, "Kiatu hakiniumizi, basi kinanifaa." Ashike kanuni hizi: kila anapovaa aingize mkono ndani ya kiatu, atafute msumari, kokoto au mshono uliotokeza. Kiatu kipya akivae saa moja tu siku ya kwanza, kisha aongeze kidogo kidogo. Kila jioni atazame nyayo zake, na kama hawezi kuinama atumie kioo au amwombe mtu wa nyumbani. Akiona wekundu, lengelenge au kidonda, aende zahanati siku hiyo hiyo. Na mtu yeyote mwenye ganzi asikate sugu kwa wembe.

Wanaofanya kazi nyanda za juu za udongo mwekundu wajue jambo jingine. Mwaka 2015, wilayani Kamwenge, magharibi ya Uganda, wataalamu walichunguza watu waliokuwa wamevimba miguu. Waligundua kwamba hayakuwa matende yanayoenezwa na mbu. Ulikuwa ugonjwa unaotokana na kutembea na kulima pekupeku kwa miaka mingi juu ya udongo wa volkano. Kinga yake ni kuvaa viatu na kunawa miguu kwa sabuni. Mwenye uvimbe huo anahitaji kiatu kipana kuliko kinachouzwa dukani, na hapo fundi ndiye msaada wake.

3. Kupima kabla ya kununua

Namba iliyo kwenye soli isikudanganye. Kwa namba za Ulaya, hatua moja ni theluthi mbili za sentimita. Kwa namba za Kiingereza, hatua moja ni theluthi ya inchi, kama milimita 8 na nusu. Namba 8 ya Kiingereza ya wanaume inakaribia 42 ya Ulaya. Tena namba hizo hupima urefu tu. Mguu uliotanuka unahitaji upana.

Fanya hivi. Jioni, baada ya kazi, wakati miguu imevimba, simama juu ya karatasi ukiwa umevaa soksi utakazovalia kiatu hicho. Mwenzako achore kuzunguka kila mguu, penseli ikiwa imesimama wima. Pima yote miwili, kwa maana ni kawaida mmoja kuuzidi mwingine. Kata mchoro wa mguu mkubwa, uweke mfukoni, uende nao sokoni. Weka kiatu juu ya mchoro. Ikiwa karatasi inatokeza kando ya soli, kirudishe kiatu hicho hata kama bei yake ni nzuri. Asiyekuwa na nafasi ya kwenda mjini anaweza kumpa mchoro huo mtu anayemtuma.

4. Kuchagua sokoni

Nenda mchana au jioni, si asubuhi. Jaribu viatu vyote viwili, usimame na kutembea. Mbele ya kidole kirefu kabisa ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Mahali mguu ulipo mpana zaidi pawe ndipo kiatu kilipo kipana zaidi. Kisigino kisichomoke unapopiga hatua. Usikubali maneno ya muuzaji kwamba "kitajiachia." Kiatu kinachobana leo kitakuumiza kabla ya kujiachia.

Chagua kiatu cha kamba kuliko cha kuchomeka mguu, maana kamba hulegezwa mguu ukivimba. Pua yake iwe ya mviringo, ngozi iwe laini, na ndani kusiwe na mishono minene. Kwa akina mama, kisigino kifupi na kipana ni bora kuliko kirefu chembamba, ambacho husukuma uzito wote juu ya vidole. Kiatu cheusi cha kamba kilichopigwa rangi vizuri ni cha heshima popote, hata kama ni kipana.

Anayenunua mitumba atazame soli. Kiatu kilicholika upande mmoja kimekwisha kuufuata mguu wa mwenyewe wa kwanza, nacho kitaupinda wako. Atazame pia gamba la nyuma lisiwe limelegea.

5. Fundi viatu

Kabla ya kutupa kiatu, kipeleke kwa fundi. Kiatu cha ngozi halisi anaweza kukitanua kwa kukiacha kwenye kalibu usiku mmoja au miwili, hasa pale kifundo kinapobana. Cha plastiki hakitanuki. Hupasuka au hurudi kilivyokuwa. Anaweza pia kuweka soli laini ndani, lakini kwanza hakikisha kiatu kina kina cha kutosha, la sivyo vidole vitabanwa juu.

6. Kazi ya chama

Viatu vya harusi tunanunua wenyewe. Lakini miguu mingi huharibikia kazini, na viatu vya kazi ni jambo la mazungumzo na mwajiri. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Mwaka 2022 mkataba huo uliwekwa miongoni mwa mikataba ya msingi, ambayo misingi yake kila nchi mwanachama inapaswa kuiheshimu hata kama haijauridhia. Basi kamati zidai gambuti za namba zote, pamoja na namba ndogo za akina mama, badala ya kila mtu kupewa iliyobaki stoo. Na pale mwajiri anapolazimisha viatu vyeusi vya sare, mwenye cheti cha daktari aruhusiwe kuvaa kiatu kinachoufaa mguu wake.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni wangapi kati yetu wana namba ya gambuti isiyo yao? Waandikwe, orodha ipelekwe kwa kamati.
2. Nani kati yetu ana kisukari au ganzi, na nani humsaidia kutazama nyayo zake?
3. Je, kuna fundi viatu karibu ambaye wanachama kumi wanaweza kumpelekea kazi pamoja ili awapunguzie bei?
4. Kila mmoja achore mguu wake na kuulinganisha na kiatu alichokivaa leo. Mmeona nini?