Utunze mkono wako baada ya upasuaji wa titi

Mwanamke akiondolewa titi kwa sababu ya saratani, kila mtu huuliza habari za kidonda cha kifuani. Mkono wa upande ule husahauliwa. Mara nyingi daktari huondoa pia tezi za kwapani, ambazo hupitisha maji yatokayo mkononi na kupigana na viini vya maradhi. Zikipungua, mkono huweza kuvimba, pengine baada ya miezi, pengine baada ya miaka.

Mama mmoja muuza samaki wa ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, alinijia miaka 2 baada ya upasuaji. Mwiba wa ngege ulikuwa umemchoma kidole, naye akaona ni jambo dogo. Siku ya tatu mkono ulikuwa mwekundu na wa moto, na homa imempanda. Alitibiwa, lakini uvimbe haukuisha wote.

Basi ufanye nini?

Kwanza, usiuache mkono ukae bure. Wengi huufunga kwa leso wakidhani utapona upesi, kumbe bega hukazana. Tangu siku za mwanzo, kunja na kukunjua ngumi, kunja kiwiko, chana nywele, lakini usiinue mkono kupita bega. Mrija wa kutoa maji ukishaondolewa na daktari akikuruhusu, simama mbele ya ukuta upandishe vidole polepole, kila siku juu kidogo. Usikie kuvutwa, si maumivu makali. Ukipumzika, uegemeze mkono juu ya mto wa kulalia.

Pili, usibebe mzigo mzito kwa muda wa majuma 6 hivi, au hadi daktari aseme. Mtungi wa lita 20 na beseni la samaki wabebe wengine. Baadaye rudia kazi kidogo kidogo.

Tatu, linda ngozi. Vaa glavu ukiparua samaki au ukilima, na upake mafuta ngozi isipasuke. Ukikatwa, osha mara moja kwa sabuni na maji safi, si ya ziwani. Ikiwezekana, sindano na kipimo cha damu vifanywe mkono wa pili. Usikubali kuchanjwa chale ili "kutoa maji". Hiyo ni kuvifungulia viini mlango.

Ukiona wekundu, joto, usaha au homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na pete au mkono wa blauzi ukianza kubana, usingoje. Mwone daktari akupeleke kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Uvimbe ukiwahiwa, hupunguzwa kwa mazoezi, kukandwa kitaalamu na soksi maalumu ya mkono. Ukikomaa, ni vigumu kuuondoa.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mkono huo ndio unaokulisha. Utazame kila jioni.