Je, Kitu Chema Chaweza Kutoka Kyela?

Somo kuhusu sifa tunazobandikana kwa kabila na kwa mkoa



Mtu wa Kyela akifika Dar es Salaam, Mwanza au Arusha na kutaja jina la ukoo linaloanza na Mwa-, mara nyingi hahitaji kueleza zaidi. Anayemsikiliza ameshajua kabila lake, na papo hapo anadhani ameshajua na tabia yake. Wanyakyusa wana kiburi. Wanyakyusa ni wakali. Wanawake wao huwapiga waume. Msibani wanacheza ngoma badala ya kulia. Kiswahili chao ni cha “fitu” na “mfua”.

Sisi tunaoishi Ikolo na ukanda huu wa Ziwa Nyasa tumeyazoea maneno hayo. Mara nyingi tunacheka pamoja na wanaoyasema. Lakini kuna siku hayachekeshi: siku wazazi wanapokataa uchumba wa binti mwaminifu kwa sababu “hao wanawake ni wakorofi”; siku kijana anapotoa hoja ya haki kikaoni na kujibiwa kwamba hicho ndicho kiburi cha kwao. Hapo maneno yamekwisha kuwa hukumu. Katika somo hili tutatazama sifa hizi zinatoka wapi, zinatofautianaje na utani wa jadi, na Neno la Mungu pamoja na Kanisa vinatudai nini.

1. Sifa hizi zinatoka wapi?

Nyingi huanza na kitu halisi kilichoonwa nusu. Tuanze na matamshi. Kinyakyusa cha asili hakina sauti za z, v wala r. Aliyelelewa katika lugha hiyo huweza kusema “sawadi” na “mfua”. Ni ulimi alioupata kwa mama yake, wala si kipimo cha akili. Na Kinyakyusa kina irabu saba, wakati Kiswahili kina tano. Anayetucheka akijaribu kusema lugha yetu atatuchekesha vilevile.

Pili, misiba. Godfrey Wilson na mkewe Monica, wataalamu wa elimu ya jamii waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, waliandika kwa kirefu kuhusu mazishi: wanawake wakilia kwa sauti, wanaume wakicheza ngoma ya vita, ndugu na wakwe wakileta ng'ombe. Mpita njia aliona kelele. Aliyekaa aliona kwamba kulikuwa na wakati wa kulia na wakati wa kuikabili hofu ya kifo kwa miguu na ngoma, ili waliobaki waweze kuendelea kuishi.

Tatu, ukali na ugomvi. Kitabu cha Monica Wilson cha mwaka 1951 kinaeleza vijiji vya rika vya Wanyakyusa, ambamo vijana wa umri mmoja walijenga pamoja na kuishi pamoja hadi utu uzima. Thamani kubwa ya maisha hayo iliitwa ukwangala: kukaa na wenzako, kula nao, kuzungumza nao kwa furaha na adabu. Watu wanaosemwa kuwa hawakaliki na mtu ndio walioweka ujirani mwema kuwa msingi wa kijiji!

Nne, kiburi. Wamisionari Wamoravian na wa Berlin walifika Rungwe na maeneo jirani mwaka 1891, na shule zikaja mapema. Baadaye wanaume wengi walikwenda kutafuta kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, na katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Wengine wakawa walimu na makarani mbali na kwao. Tunadhani sehemu ya sifa ya kiburi imetoka huko: mgeni mwenye kalamu au mshahara, asiyeogopa kusema, huonekana anaringa. Neno hilohilo moja, akilisema mtu wa kwetu, tungeliita ujasiri.

Tano, makosa ya wachache. Yaliporipotiwa mauaji ya watu kuchunwa ngozi katika mkoa wa Mbeya, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, aibu ya wahalifu ilimfuata kila mtu wa Mbeya aliyesafiri. Waliouawa walikuwa watu wa Mbeya pia, lakini hilo halikukumbukwa.

Jambo hili haliko Tanzania tu. Wamalayali, watu wa jimbo la Kerala kusini mwa India, wana lugha yao na historia yao, na miongoni mwao wamo Wakristo wanaohesabu imani yao kuanzia kwa Mtume Tomaso. Hata hivyo kaskazini mwa India kwa muda mrefu mtu yeyote wa kusini ameitwa “Mmadrasi”, kana kwamba wote ni watu wa mji mmoja wa Madras. Mapadre na masista kutoka Kerala wanafanya utume Afrika Mashariki. Na sisi hapa tunawaita “Wahindi” tu, tukidhani tumemaliza.

2. Utani si dharau

Wengine watasema: “Mbona huu ni utani tu?” Swali hili ni la haki, maana utani ni hazina ya taifa letu. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19; leo ni watani. Wanyamwezi na Wazaramo nao ni watani wa siku nyingi. Jeraha la vita au ugeni wa safari uligeuzwa kuwa kicheko.

Lakini utani una sheria zake. Kwanza, ni wa pande mbili: anayetania hutaniwa, na hakuna anayekasirika. Pili, una wajibu: mtani anayekucheka asubuhi ndiye anayekuja msibani kwako kuchimba kaburi, kupika na kuwatuliza wafiwa. Tatu, una mipaka: haumnyimi mtu mke, kazi wala nafasi ya kusema.

Basi tupime maneno yetu kwa sheria hizo. Anayesema “Wanyakyusa ndivyo walivyo” na kisha asionekane kwenye matanga yetu, huyo si mtani. Na anayetumia mzaha kupitisha uamuzi ametoka katika utani, ameingia katika ubaguzi.

3. Neno la Mungu

Injili ya Yohane inatupa kisa kifupi (Yn 1:45-51). Filipo anamwambia Nathanaeli habari za Yesu wa Nazareti, naye Nathanaeli anauliza kama kitu chema chaweza kutoka huko. Tunasahau jambo moja: Nathanaeli mwenyewe alikuwa mtu wa Kana ya Galilaya (Yn 21:2). Hakuwa mtu wa Yerusalemu akiwadharau watu wa mashambani. Alikuwa jirani akimdharau jirani. Na Yesu hakumwita mwovu. Alimsifu kuwa hana hila. Kumbe mtu mwema anaweza kubeba dharau asiyoichunguza. Dawa ya Filipo haikuwa mabishano. Alimwalika aje aone kwa macho yake.

Galilaya iliendelea kubandikwa sifa. Wakuu walimwambia Nikodemo kwamba nabii hatoki huko (Yn 7:52). Usiku wa mateso, Petro alitambulikana kwa matamshi yake (Mt 26:73). Yule ambaye Kristo alimkabidhi kondoo zake alikuwa na lafudhi ya kuchekwa! Na siku ya Pentekoste, umati ulishangaa kwamba waliokuwa wakisema walikuwa Wagalilaya (Mdo 2:7). Roho Mtakatifu hakungoja wajifunze kusema kama watu wa mjini.

Mafrateri watauliza kuhusu Tito 1:12, ambapo Mtume Paulo ananukuu maneno makali juu ya Wakrete na kuyathibitisha. Tusilikwepe andiko hili. Paulo anataja maneno ya mtu wa Krete mwenyewe, na shabaha yake ni walimu wa uongo waliokuwa wakivuruga nyumba za waamini. Zaidi ya hayo, katika sura hiyohiyo (1:5) anamwagiza Tito aweke wazee wa Kanisa katika kila mji wa kisiwa hicho. Kama angeamini kwamba kila Mkrete ni mwongo, angewakabidhije Wakrete uongozi?

4. Kanisa linafundisha nini?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes (1965), namba 29, unafundisha kwamba kila aina ya ubaguzi katika haki za msingi za mtu ni kinyume cha mpango wa Mungu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, ikieleza amri ya nane, inamhesabia kosa la hukumu ya haraka yule anayekubali, hata kimoyomoyo na bila msingi wa kutosha, kwamba jirani yake ana kosa la kimaadili. Kusema “huyu ni mkorofi” kwa sababu tu ya jina lake la ukoo ni hukumu ya namna hiyo. Ni jambo la kupeleka kwenye kitubio.

Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilifunguliwa Roma tarehe 10 Aprili 1994, siku chache tu baada ya mauaji ya kimbari kuanza Rwanda. Huko watu walikuwa wameitwa mende kabla ya kuuawa. Sinodi hiyo ndiyo iliyolieleza Kanisa la Afrika kuwa Familia ya Mungu, na Yohane Paulo wa Pili akalithibitisha hilo katika Ecclesia in Africa (1995). Hatusemi kwamba kila mzaha wa kabila huishia huko. Tunasema kwamba waliofika huko walianza kwa majina.

5. Na sisi tunabandika

Tusijifanye wafiwa peke yetu. Hapa kwetu, mtu wa milimani Tukuyu na mtu wa tambarare ya Kyela wana maneno ya kudharauliana. Tunanunua vyungu vya Wakisi sokoni, vyungu vizuri vilivyofinyangwa kwa mikono ya mama zao, kisha tunasema Wakisi hivi na Wakisi vile. Tuna usemi wetu juu ya Wandali na Wasafwa. Na ng'ambo ya mto Songwe, Wangonde wa Karonga wanaosema lugha iliyo karibu sawa na yetu, tunawaita “Wamalawi” kwa sauti ambayo si ya ukaribisho.

Tufanye nini basi? Seminarini, mwenzetu akikosea, tutaje tendo lake, siku yake na jina lake, tusitaje kabila lake. Katika tathmini, mlezi na mafrateri wajiulize: je, tungeandika hivi kama angetoka mkoa mwingine? Parokiani, wazazi wanaoulizwa kuhusu uchumba waende kwanza wakamwone kijana au binti mwenyewe, wakae naye, wale naye. Hiyo ndiyo njia ya Filipo. Na mzaha ukivuka mpaka, aliye karibu aseme kwa upole: “Ndugu yangu, hapo si utani tena.”

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Ni sifa gani ya kabila au mkoa wangu imewahi kuniumiza, nami nikacheka ili nisionekane mkorofi?
2. Ni kabila gani jirani tunalolisema vibaya? Nani wa kabila hilo tumewahi kula naye mezani kwetu?
3. Katika jumuiya yetu, nani haombwi kusoma somo au kuongoza sala kwa sababu ya matamshi yake? Tutamwomba lini?