Kujiendeleza na Kuwashirikisha Wengine: Funzo la Kampeni ya Mtu ni Afya (1973)

Utangulizi

Mwanafunzi, umekwisha kujifunza kwamba kujiendeleza ni kuongeza maarifa, stadi au tabia njema kwa juhudi zako mwenyewe. Watahiniwa wengi huishia hapo. Lakini unaweza kuulizwa: mabadiliko ya mtu mmoja huifikiaje jamii nzima? Historia ya Tanzania inakupa mfano mzuri wa kujibia swali hilo.

Usuli

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali iliweka mkazo katika elimu ya watu wazima. Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaendeshwa kampeni ya kitaifa iliyoitwa Mtu ni Afya. Ililenga kuwawezesha wananchi, hasa wa vijijini, kujikinga na maradhi kama malaria, kichocho, kuhara damu na safura.

Jinsi kampeni ilivyoendeshwa

1. *Kufunzana kwa ngazi.* Waliofunzwa kwanza waliwafunza wenzao wa wilayani, nao wakawafunza viongozi wa vikundi wapatao 75,000.
2. *Kusikiliza.* Kila wiki wanakikundi walikusanyika kusikiliza kipindi cha Redio Tanzania.
3. *Kusoma na kujadili.* Aliyejua kusoma aliwasomea wenzake kitabu cha kampeni. Kisha walijiuliza: tatizo hili lipo kwetu? Tufanye nini?
4. *Kutenda.* Walichimba vyoo, wakafyeka majani karibu na nyumba, wakafukia madimbwi na kuchemsha maji ya kunywa.

Watu wapatao milioni 2 walishiriki.

Kwa nini elimu hii ilienea?

(a) *Ilipita kwa watu wanaofahamiana.* Ni rahisi kumwamini jirani unayeona uwanja wake umefagiliwa na choo chake kimekamilika.

(b) *Afya ya mmoja hutegemea ya mwenzake.* Hii ndiyo hoja ambayo watahiniwa wengi huisahau. Ukichimba choo peke yako huku jirani akijisaidia kichakani, mvua itasomba uchafu hadi kwenye kisima mnachochota wote. Kwa hiyo, kumshirikisha jirani si hisani tu, bali ni kukamilisha kazi uliyoianza. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

(c) *Maneno yalifuatwa na vitendo.* Mjadala ulimalizika kwa uamuzi wa kufanya kitu.

Funzo kwako

Nawe una jambo ulilolimudu mwaka huu. Labda ulikuwa ukiogopa hisabati na sasa unafaulu, au umeacha kuahirisha kazi za nyumbani. Mweleze mwenzako si matokeo tu, bali njia: ulianzia wapi, nini kilikushinda, ulifanya nini kila siku. Kisha keti naye mlifanye pamoja. Nawe utafaidika, kwa sababu kumfundisha mwenzako hukuonyesha mahali ambapo wewe mwenyewe hujaelewa.

Zingatia

Kushirikisha si kujigamba. Anayejigamba huwaacha wasikilizaji wakimstaajabia. Anayeshirikisha huwaacha wakijua la kufanya. Pia si kulazimisha: kikundi cha Mtu ni Afya kilijadili kwanza, ndipo kikaamua.

Swali la mfano

Kwa kutumia kampeni ya Mtu ni Afya, eleza jinsi kuwashirikisha wengine ulichojifunza kunavyoweza kuleta mabadiliko katika jamii.

*Jibu dhaifu:* "Kushirikishana ni kuzuri kwa sababu huleta maendeleo." Jibu hili halina mfano wala sababu.

*Jibu bora:* "Mwaka 1973, viongozi wa vikundi waliopata mafunzo waliwashirikisha majirani zao. Kwa kuwa maradhi kama kuhara damu huenea kupitia maji machafu, choo cha kaya moja hakikutosha. Kaya nyingi zilipochimba vyoo, kinga ya kila mmoja iliongezeka." Jibu hili lina mwaka, tukio na sababu.

Maswali ya marudio

1. Taja maradhi matatu yaliyolengwa na kampeni ya Mtu ni Afya.
2. Eleza nafasi ya redio na ya kiongozi wa kikundi. Ipi isingeweza kufanya kazi bila nyingine? Toa sababu.
3. Tofautisha kushirikisha na kujigamba kwa mfano mmoja kutoka shuleni kwako.
4. Chagua stadi moja uliyojifunza mwaka huu. Andika hatua nne za kuwafikishia wenzako watano.