Punda Akifa, Mzigo Haufiki

SOMO LA MIFUGO: KIKOHOZI CHA PUNDA MZEE



Wahenga walisema, "Punda afe, mzigo wa bwana ufike." Sisi leo tunauliza: punda akifa, mzigo utafikaje? Nani atabeba maji kutoka kisimani? Nani atavuta mkokoteni wa mahindi? Jibu tunalijua. Ni mama na watoto, kichwani.

Kwetu Mpanda na mkoa mzima wa Katavi, farasi ni wa kusikia tu. Mbung'o wa misitu ya miombo ni adui wake mkubwa. Lakini punda, ndugu yake farasi, tunaye. Wafugaji waliohamia huku kutoka upande wa Shinyanga, Mwanza na Tabora walikuja na ng'ombe wao, na wengine wakaja na punda. Punda mzee akishikwa na ugonjwa wa kifua, mara nyingi haumwachi upesi. Leo tutasoma namna ya kumsaidia apone kabisa.

TUCHUKUE MFANO

Mzee mmoja ana punda jike wa miaka ishirini hivi. Mwezi wa Julai, vumbi likiwa jingi na usiku baridi, punda akaanza kukohoa. Akapata homa siku nne. Mzee akatafuta mtu mwenye sindano. Punda akachomwa sindano moja. Homa ilipotoka, mzee akasema, "Huyu amepona bwana!" Akampakia madumu manne ya maji.

Wiki moja baadaye kikohozi kikarudi. Akachomwa sindano moja tena, akarudi kazini. Ikawa hivyo mara tatu. Sasa punda amekonda, mbavu zinahesabika. Majirani wanasema, "Ni uzee tu, mwache."

Je, kweli ni uzee? Hapana. Uzee peke yake hauleti kikohozi. Tuone kosa liko wapi.

KIKOHOZI KINATOKA WAPI?

Sababu ni nyingi. Hapa tutataja tano.

1. Mafua. Huletwa na virusi. Huambukiza punda kwa punda.

2. Bakteria. Mara nyingi huingia baada ya mafua, mapafu yakiwa yamedhoofika. Ndipo makamasi yanakuwa mazito na ya njano.

3. Vumbi na ukungu. Majani makavu yaliyooza kidogo hutoa vumbi baya. Moshi wa jikoni nao ni hivyo hivyo.

4. Minyoo ya mapafu. Punda anaweza kukaa nayo muda mrefu bila dalili.

5. Jino bovu. Punda mzee akitoa usaha wenye harufu mbaya katika tundu moja tu la pua, huenda gego limeoza.

Kwa hiyo sindano moja haiwezi kutibu kila kikohozi. Dawa ya kuua bakteria haiui virusi. Haiondoi vumbi bandani. Haing'oi jino. Ndiyo maana tunamhitaji mtaalamu wa mifugo amtazame punda kwanza, halafu ndipo aseme dawa gani.

Tena, huku kwetu tusisahau mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Punda akikonda, akiwa na homa inayokuja na kuondoka, na ufizi ukiwa mweupe, huenda ni nagana. Hiyo hujulikana kwa kupima damu.

PUNDA HALALAMIKI

Ng'ombe akiumwa utamwona. Punda huficha. Husimama kimya, kichwa chini, watu wakadhani anapumzika. Kwa hiyo tutumie elimu yetu ya kusoma na kuhesabu.

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, simama kando ya punda. Tazama ubavu wake. Ukipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu dakika moja. Punda mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 28. Mtaalamu akikufundisha kutumia kipimajoto, joto la punda mzima ni kati ya 36.5 na 37.8.

Andika kila siku kwenye daftari: tarehe, pumzi, joto, kama amekula, kama amekohoa. Mtaalamu akija, mpe daftari. Daftari litamweleza mambo ambayo punda hawezi kusema.

MAMBO SITA YA KUFANYA

Kwanza, hewa safi. Punda asilale ndani ya chumba kilichofungwa. Mjengee paa la kuzuia mvua na jua, na upande mmoja wa kukinga upepo. Chuchumaa bandani, pua yako iwe sawa na pua yake akiwa amelala. Macho yanakuchoma kwa harufu ya mkojo? Basi mapafu yake nayo yanachomwa. Toa samadi kila siku.

Pili, chakula chini. Weka majani juu ya gunia safi ardhini, siyo kwenye hori la juu. Akiinamisha kichwa, makamasi hutoka nje. Akifungwa kichwa juu, hurudi kifuani. Majani makavu yaloweke maji kabla ya kumpa, ili vumbi lisimwingie.

Tatu, chakula laini. Punda mzee magego yake yameisha. Ukiona anatema mabonge ya majani aliyotafuna nusu, meno yana shida. Katakata majani mabichi vipande vidogo. Majani ya viazi vitamu yanafaa, na majani ya karanga yasiyo na ukungu. Pumba kidogo iliyolowekwa huongeza nguvu. Maji safi yawepo saa zote.

Nne, maliza dawa. Mtaalamu akiandika sindano za siku 5, ni siku 5, hata kama siku ya pili anakula vizuri. Ukikatiza, bakteria waliobaki huinuka tena, na safari hii dawa huenda isiwaweze. Dozi ya ng'ombe si dozi ya punda.

Tano, mtenge, lakini usimwache mpweke. Punda wageni na wale wazima wasinywe kwenye ndoo yake. Lakini punda ana rafiki. Ukimtoa rafiki yake, husononeka na kuacha kula. Basi yule rafiki waliyekuwa wakilala pamoja, abaki naye. Huyo ameshapumua hewa ile ile. Ukiona uvimbe chini ya taya unaotoa usaha, mwite mtaalamu mara moja, maana ugonjwa huo huenea haraka.

Sita, mapumziko. Hapa ndipo wengi tunakosea. Kanuni inasema: kila siku moja ya homa, wiki moja ya mapumziko, tena zisipungue wiki tatu. Mapafu huendelea kujijenga hata baada ya homa kwisha.

MAMBO MANNE YA KUKATAA

Usimnyweshe dawa kwa chupa, wala usimwagie kitu puani. Punda hapumui kwa mdomo. Ukimwinua kichwa na kumimina, dawa huweza kuingia kwenye mapafu na kumuua.

Usimpe mahindi yenye ukungu. Watu husema, "Haya hayaliwi, mpe punda." Jamani! Sumu ya ukungu wa mahindi huharibu ubongo wa punda na wa farasi.

Usimpe chakula cha kuku cha dukani. Vingine vimetiwa dawa ambayo kwa kuku ni salama, lakini kwa punda ni sumu.

Usingoje akikataa kula. Punda akishinda bila kula, mafuta ya mwili wake huingia kwenye damu kwa wingi na kuharibu ini. Jambo hilo huua kuliko hata kikohozi chenyewe. Amekataa kula leo? Mwite mtaalamu leo, siyo kesho. Wakati unamngoja, mpe kidogo kidogo kile anachokipenda.

TUFANYE HESABU

Turudi kwa punda wa yule mzee. Alikuwa na homa siku 4. Kila siku moja ni wiki moja. Kwa hiyo alihitaji wiki 4, yaani 4 × 7 = siku 28. Yeye alipewa siku ngapi? Homa ilipotoka tu, alipakiwa.

Na mzigo je? Lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu moja ni lita 20. Madumu manne ni 4 × 20 = kilo 80. Kilo 80 juu ya mgongo wa punda mzee anayetoka ugonjwani! Hapo ndipo penye kosa.

Afanye nini sasa? Amwite mtaalamu, amalize dawa, ampumzishe upya. Siku za mapumziko zikiisha, wiki ya kwanza amtembeze bila mzigo. Wiki ya pili ampe madumu mawili, kila moja nusu: 2 × 10 = kilo 20. Akikohoa njiani au pumzi zikipanda, ashushe mzigo na kumrudisha nyumbani. Asipokohoa, aongeze kidogo kidogo. Mwenda pole hajikwai.

Msomaji atasema, "Wakati huo maji nitabeba mimi?" Kweli, ni kazi. Lakini mnaweza kuazimana punda na jirani, zamu kwa zamu. Mwezi mmoja wa taabu ni bora kuliko miaka bila punda.

Wala usifikiri punda mwingine atapatikana kirahisi. Miaka hii ngozi ya punda imetafutwa sana kwa ajili ya dawa za Kichina, na punda wengi wa Afrika wamechinjwa. Mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, katika mkutano wao Addis Ababa, walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Basi huyu uliye naye, mtunze.

Wengine husema asante ya punda ni mateke. Lakini punda aliyebeba maji yetu miaka kumi na mitano, tukampakia angali na kikohozi, ni nani hapo aliyempiga mwenzake teke?

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini sindano moja haitoshi kutibu kila kikohozi?
2. Punda mzima aliyetulia hupumua mara ngapi kwa dakika? Mhesabu wa kwenu, uandike.
3. Punda amekuwa na homa siku 5. Apumzike siku ngapi? Na akiwa na homa siku 2 tu, je?
4. Kwa nini chakula cha punda mwenye kikohozi kiwekwe chini?
5. Katika kijiji chenu, mnaweza kusaidianaje ili punda mgonjwa apate mapumziko?

Someni pamoja, na asiyejua kusoma asomewe.